Bunduki ya Upepo na Akili Hisia: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo katika klabu ya mtaani hapa Ujerumani. Kundi langu la Jumamosi asubuhi ni la watu wanaozungumza Kiswahili: wauguzi, madereva wa mabasi, wanafunzi, kina mama, na mzee mmoja aliyestaafu ambaye hajawahi kukosa siku. Wengi hawatafuti medali. Wamekuja kwa sababu mwenzao amewaambia kwamba tangu aanze kulenga, nyumbani kwake sauti zimeshuka. Maswali wanayoniuliza yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu.

Bunduki na hisia, wapi na wapi?

Swali hili huja la kwanza kila mara. Ukiwa na hasira jikoni unaweza kukata vitunguu vyote ukamaliza bila kujua kwamba una hasira. Wanaojua ni watoto, wanaokupisha mlangoni. Lakini ukiwa umebeba bunduki ya kilo 5 na jicho lako liko kwenye tundu la kulengea, hasira hiyo hiyo unaiona kwa macho. Pete ya mbele, ile ya kulengea iliyo kwenye ncha ya mtutu, haikai. Inapanda, inashuka, inalikwepa duara jeusi. Bega limejikaza bila kuambiwa, meno yameumana, kidole kina haraka. Shabaha haikubembelezi wala haikusemi kwa watu. Inakuonyesha ulivyo wakati huo, na baada ya dakika moja inakupa nafasi nyingine.

Sifundishi watu kuondoa hisia. Nawafundisha kuijua hisia mapema, ikiwa ingali begani, kabla haijafika kidoleni. Mengine yote utakayoyasoma hapa yanatokana na hilo.

Akili hisia ndiyo nini hasa?

Ni uwezo wa kuzitambua hisia, zako na za wenzako, kuelewa zinatoka wapi, kuzitumia zikusaidie kufikiri, na kuzisimamia zisikupeleke usikotaka kwenda. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliifafanua katika makala yao ya 1990, kisha Daniel Goleman akaieneza kwa watu wa kawaida kwa kitabu chake cha 1995. Sisi tulikuwa tukisema fulani ana kifua. Ila tahadhari: mwenye kifua anaweza kulibeba jambo miaka na miaka mpaka likamlaza kitandani, na hiyo si akili hisia. Kubana hisia na kuitambua hisia ni vitu viwili, na uwanjani utaviona vikitofautiana waziwazi, kwa sababu anayebana hutetemeka zaidi.

Huo mchezo wenyewe ukoje?

Unasimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Kirisasi kina kipenyo cha milimita 4.5. Nukta ya katikati, yenye thamani ya pointi 10, ina kipenyo cha nusu milimita, yaani kama alama uliyoigusisha ncha ya kalamu. Kwenye Olimpiki, raundi ya mchujo ni risasi 60 kwa dakika 75, na kwa kuwa pointi huhesabiwa kwa desimali, risasi iliyopita katikati kabisa hupata 10.9. Piga hesabu uone: kila risasi ina zaidi ya dakika nzima, na kulenga kwenyewe hakuzidi sekunde chache. Muda uliobaki ni wako na nafsi yako.

Hapa Ujerumani huu ni mchezo wa watu wa kawaida kabisa. Shirikisho lake la taifa liliundwa mwaka 1861 mjini Gotha, na leo lina wanachama zaidi ya milioni 1. Klabu nyingi ziko vijijini, karibu na kanisa au uwanja wa mpira.

Mwalimu, mimi mikono inatetemeka. Nije tu?

Njoo. Mikono ya kila mtu inatetemeka. Tofauti ni kwamba wengine wameshazoeana na mtetemo wao.

Watu hudhani walengaji wakubwa hawana woga. Kama wangekuwa hawana, pasingekuwa na haja ya kupiga marufuku dawa za kutuliza mapigo ya moyo kwenye mchezo huu. Mwaka 2008 kule Beijing, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya vipimo kumkuta na propranololi, dawa ya moyo ambayo pia huondoa mtetemo wa mikono. Mtu aliyefika kwenye jukwaa la Olimpiki bado moyo ulikuwa unamsumbua kiasi hicho. Basi wewe uliyeanza juzi usijione una kasoro.

Tunachofanya ni kuushughulikia mtetemo kwa mpangilio. Kwanza mifupa ibebe bunduki badala ya misuli: kiwiko cha mkono wa kushoto kinaegemea mbavu au nyonga, miguu imepanda sakafuni, uzito umegawanyika. Halafu pumzi. Vuta, toa, na katika ule utulivu mfupi baada ya kutoa, kabla mwili haujadai hewa nyingine, pete ya mbele itatulia. Usitegemee isimame tuli. Utaona inadunda kidogo kidogo kwa kufuata mapigo ya moyo wako. Mara ya kwanza mtu anapouona moyo wake ukipiga mita 10 mbele yake, hushtuka. Wapo waliowahi kulia. Hebu fikiria umeishi miaka 40 na moyo huo, na hujawahi kusimama ukautazama.

Kwa nini kila mara unatuambia "shusha"?

Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kuchukua kwenye mchezo huu, nitakupa hiki.

Umeinua bunduki. Umelenga. Sekunde zinapita, ya tano, ya sita, ya saba. Pete imekaribia kukaa lakini haijakaa. Ikifika sekunde ya nane au ya kumi, jicho linachoka na kuanza kukuonyesha picha iliyokwisha kupita, misuli inaishiwa hewa, na hapo ndipo sauti ndani yako inasema: "Nimeshahangaika kiasi hiki, acha niipige tu." Triga ya bunduki ya mashindano ni laini mno, uzito wa gramu 100 hivi, au chini ya hapo, unatosha. Mawazo tu yanaweza kuivuta.

Hapo ndipo nasema shusha. Toa kidole kwenye triga, rudisha bunduki kwenye stendi, pumua, anza upya tangu miguuni. Kanuni hazikuadhibu kwa kushusha. Hakuna pointi inayokatwa. Kinachouma ni kiburi peke yake, kwa sababu kushusha kunaonekana kama kushindwa mbele za watu.

Kuna muuguzi katika kundi letu anayefanya zamu za usiku. Asubuhi moja alikuja moja kwa moja kutoka wodini. Niliketi nyuma yake nikahesabu: aliinua na kushusha mara 9 kabla ya risasi ya kwanza. Mara ya nne alinigeukia, uso umemwiva, akasema, "Kaka, leo siwezi." Nikamwambia, "Dada, ndiyo unachokifanya hicho, endelea kushusha." Mara ya kumi aliipiga, ikaingia kwenye 9. Hakutabasamu hata. Aliiweka bunduki chini akakaa kimya.

Wiki tatu baadaye alinisimulia kisa. Kwenye grupu la WhatsApp la familia, kaka yake mkubwa alikuwa ameuliza fedha za kuezeka paa la nyumba ya mama zimekwenda wapi, na alivyouliza ni kama vile anajua jibu. Fedha hizo zilikuwa zimepitia mikononi mwa dada huyu, na risiti zote alikuwa nazo. Aliandika ujumbe mrefu, mkali, wenye mambo ya mwaka juzi na ya mwaka juzi wake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Akaona bega lake la kulia limepanda mpaka sikioni. "Nikalitambua lile bega," aliniambia. "Ni lile lile la Jumamosi." Aliigeuza simu kifudifudi mezani, akaenda kuoga. Aliporudi aliufuta ujumbe, akatuma picha za risiti, moja moja, na salamu ya asubuhi.

Maneno yaliyokwisha kutumwa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Kila mtu anaijua methali hiyo, na bado tunatuma. Kuijua hakukusaidii saa ile ya kutuma kama mwili haujawahi kufanya mazoezi ya kuacha. Uwanjani mwili unafanya mazoezi hayo mara 30, mara 40, kila asubuhi.

"Kuitaja risasi" maana yake nini?

Ukishapiga, kabla hujatazama kioo kinachoonyesha ilipoingia, sema risasi imekwenda wapi: "Nane, juu kulia." Halafu ndipo utazame.

Mwanzoni utakosea sana. Utasema kumi, na risasi ipo kwenye 7. Baada ya miezi kadhaa utaanza kupatia, kwa sababu utakuwa umejifunza kulishika lile jambo dogo lililotokea mwilini wakati bunduki inalia: kope ilipepesa, shavu liliinuka kwenye kitako cha bunduki, ulitamani mno. Mtu anayeweza kuitaja risasi yake hahitaji kuambiwa na wengine kwamba leo amekuja na kisirani. Ameshajua.

Nawahimiza wanafunzi waitaje na hisia pia. Siyo "nipo vibaya", kwani hilo halikuambii la kufanya. Ni wivu? Ni aibu? Ni uchovu uliovaa nguo za hasira? Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha: donge, kinyongo, jaka moyo, fadhaa, majonzi, kihoro, uchungu, simanzi. Lichague lililo lako.

Nikiharibu risasi moja, zote zinazofuata zinaharibika. Nifanyeje?

Mashindano yangu ya kwanza ya klabu nilikuwa na risasi nzuri 22 mfululizo. Ya 23 ilikwenda kwenye 6. Nilianza kuhesabu: nimepoteza ngapi, nikipata kumi kumi zilizobaki nitafika wapi, yule wa pembeni yangu ana ngapi. Risasi sita zilizofuata sikuzipiga mimi, zilipigwa na hesabu. Nilirudi nyumbani nikaitupia lawama bunduki, na bunduki haikuwa na kosa lolote.

Sasa hivi nina utaratibu. Risasi mbaya ikitoka, naiweka bunduki kwenye stendi, nageuka mgongo kidogo, nasema kwa sauti ndogo kilichotokea ("nilivuta kwa hasira"), nakunywa fundo la maji, kisha narudi na kuzipanga upya nyayo. Siuambii moyo usiumie. Naupa dakika moja ya kuumia, halafu nauomba ukae pembeni.

Pia nawaambia wanafunzi habari za Matthew Emmons, Mmarekani. Athens 2004, fainali ya bunduki ya mita 50 mikao mitatu (kupiga magoti, kulala na kusimama), imebaki risasi moja tu na anaongoza kwa pointi 3. Akapiga, risasi ikawa nzuri, lakini iliingia kwenye shabaha ya mtu wa pembeni. Sifuri. Kutoka wa kwanza akaanguka hadi wa nane. Alieleza baadaye kwamba kwa kawaida hutazama kwanza namba ya shabaha kisha hushuka kulenga. Siku ile alikuwa ameshughulika mno na kujituliza, akairuka hatua hiyo. Nawaomba msomaji na wanafunzi wangu walitafakari hili, maana watu wengi huliruka: hata kujituliza kunaweza kukula macho yako. Unaweza kuwa bize kuidhibiti hasira yako mbele ya mkeo au mumeo kiasi kwamba husikii anachosema.

Beijing 2008, Emmons yule yule, mashindano yale yale, anaongoza tena kwa pointi zaidi ya 3 na imebaki risasi moja. Kidole kiligusa triga kabla ya wakati. 4.4, na akamaliza wa nne. Katikati ya miaka hiyo na michezo iliyofuata aliugua pia saratani ya tezi ya shingo, akatibiwa. London 2012 alirudi kwenye mstari ule ule, na akaondoka na medali ya shaba.

Najua watu husimulia habari zake kama kichekesho. Sikubaliani nao hata kidogo. Kusimama tena mahali palipokuumiza mara mbili, mbele ya dunia nzima, na kuinua bunduki ukijua kwamba risasi ya mwisho inakuja: sijui somo gani la hisia linaloweza kulizidi hilo.

Hayo yote ni kuhusu mimi. Na hisia za wenzangu je?

Hapa nitasema ukweli: mchezo huu una nguvu sana upande wa kujijua, na nguvu kidogo upande wa kuwajua wengine. Unasimama peke yako, umeziba masikio, unatazama mbele. Mtu anaweza kuwa bingwa wa shabaha na nyumbani akawa haongeleki.

Lakini yapo mambo. Wakati mwenzako analenga, hupiti nyuma yake kwa kishindo. Akiharibu, humfariji papo hapo, unasubiri aweke bunduki chini. Kujua lini mtu anahitaji neno na lini anahitaji kuachwa ni ujuzi mkubwa, na klabuni unajifunza kwa kukosea. Jioni ile ile ya Athens, Emmons akiwa ameketi na machungu yake, mlengaji wa Czech, Kateřina Kůrková, aliyekuwa na medali yake ya shaba, alimwendea akampa pole. Hawakuwa marafiki wa siku nyingi. Walioana mwaka 2007. Sikuambii uje klabuni kutafuta mchumba. Nataka uone kwamba katika uwanja mzima uliojaa wataalamu, alikuwepo mtu aliyemtazama aliyeanguka na kwenda alipo.

Bunduki si itaniongezea ukali?

Kwa ninavyoona mimi, kwa wengi hupunguza, kwa sababu uwanjani ukali haulipi. Lakini sitaki kulipamba jambo hili. Bunduki ni bunduki. Hata ya upepo inatoboa jicho. Klabuni mtutu unaelekea kwenye shabaha muda wote, kidole hakigusi triga mpaka umelenga, na aliyekunywa pombe hashiki kitu.

Ukiwa umefiwa, umeachwa, au una wazo la kujidhuru au kumdhuru mtu, usije kwenye bunduki. Njoo kwangu tunywe chai, au nenda kwa daktari, au piga 112 kama hali ni ya hatari. Nimewahi kumrudisha mtu mlangoni kwa upole, tukakaa kwenye gari lake saa nzima. Alirudi kulenga miezi mitano baadaye. Na siungi mkono mtu kuweka silaha nyumbani eti kwa ajili ya kutuliza akili.

Watoto wanaruhusiwa?

Hapa Ujerumani, kuanzia miaka 12 kwa bunduki ya upepo, klabuni, chini ya msimamizi na kwa idhini ya wazazi. Walio chini ya hapo klabu nyingi huwapa bunduki za mwanga, zisizotoa kirisasi. Ukiwa nchi nyingine, sheria ni tofauti. Anza kwa kuuliza polisi.

Tuliokulia na manati tuna nafuu?

Mnakuja na jicho zuri na subira ndogo. Manati iliwafundisha kuachia upesi kabla ndege hajaruka. Hapa shabaha hairuki, na hilo ndilo linalowasumbua wengi wenu. Mtazoea.

Sina klabu karibu wala sitaki bunduki. Naweza kujifunza haya haya?

Unaweza. Chukua sindano nyembamba na uzi. Simama, usiegemee kitu, jaribu kuutunga. Tazama kinachotokea uzi unapokaribia tundu: pumzi inakatika, vidole vinabana, uso unakunjamana. Ukihisi umeanza kulazimisha, shusha mikono yote miwili, pumua, anza tena. Fanya hivyo mara 10 kila siku, na mara nyingine fanya makusudi ukiwa umetoka kugombana na mtu. Mafundi cherehani wanalijua jambo hili kuliko mimi. Upinde na vishale vya kurusha ukutani pia vinafaa.

Kwenye daftari niandike nini?

Kila mwanafunzi wangu ana daftari, na pointi huandikwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Kwanza andika umekujaje: umelala saa ngapi, umekula nini, umetoka kuzungumza na nani. Halafu umeshusha mara ngapi. Halafu risasi moja unayoikumbuka na ilivyokuwa mwilini. Yule mzee wetu aliyestaafu ameniruhusu ninakili ukurasa wake mmoja:

"Nimelala saa 5. Nimekunywa chai bila kitu. Kijana wangu amepiga simu asubuhi kuomba fedha tena. Nimeshusha mara 14. Risasi ya 11 nilisema nane chini, ikawa nane chini. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, nikadhani ni uzee, kumbe ni yeye. Nitampigia jioni, sio sasa. 231."